Nani Anaona Ndani ya Jicho?

Hotuba kwa wanafunzi wa tiba, wauguzi na mafundi wa vifaa tiba, Mtwara, katika Siku ya Afya ya Macho Duniani

Mgeni rasmi, viongozi wa afya mliopo, walimu wa vyuo, wauguzi, mafundi wa vifaa tiba, wanafunzi, na wazee wetu mliokuja hapa mkiwa bado na miwani nyeusi ya baada ya upasuaji: itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimepewa mada ambayo vijana wameipenda kabla hata sijafungua mdomo: miwani ya uhalisia mseto katika upasuaji wa macho, yaani miwani ya kielektroniki inayokuwekea picha mbele ya macho huku bado unaona chumba ulichomo. Kijana mmoja wa kompyuta alipoiona kwenye ratiba alinifuata nje akaniuliza kama nitaingia ukumbini nimeivaa. Sikuja nayo, mwanangu. Nimekuja na kalamu mbili, na nitawaomba mtoe zenu baadaye kidogo.

Niseme mapema ninakoelekea, msije mkanisubiri hadi watu waanze kuangalia saa. Kwa maoni yangu, faida kubwa ya miwani hii kwetu watu wa kusini haiko kwenye macho ya daktari anayepasua. Iko kwenye macho ya wale wengine wote waliomo chumbani, ambao siku zote wamekuwa wakifanya kazi bila kuiona kazi yenyewe. Kwa hiyo mtu akija kutuuzia kifaa hiki, au hata kutupa bure, tusianze kumuuliza picha yake ni nzuri kiasi gani. Tumuulize watu wangapi wataona.

Twendeni kwanza thieta, maana wengi wenu hamjawahi kuingia ya macho. Mgonjwa amelala chali, amefunikwa shuka la kijani lenye tundu moja, na jicho limebaki kwenye tundu hilo. Amechomwa ganzi pembeni ya jicho, basi. Hajalala usingizi. Anasikia kila neno, ndiyo maana thieta ya macho watu hawasengenyani. Daktari ameketi kichwani kwa mgonjwa, macho yake ameyabandika kwenye vioo viwili vya hadubini, na kuanzia hapo haoni mtu. Dunia yake yote ni kiduara kimoja chenye mwanga mkali. Mguu uko kwenye kanyagio la hadubini, kukuza na kupunguza picha. Mikono yote miwili ina kazi.

Upasuaji wa mtoto wa jicho tunaoufanya zaidi huku ni ule wa mkato mdogo usiohitaji mshono. Daktari anachonga kijia kwenye weupe wa jicho, upana wa milimita 6 au 7, anaingia chumba cha mbele, anafungua mfuko wa lenzi na kutoa kiini. Kwa wazee wanaochelewa kuja, na huku wengi wanachelewa, kiini hicho kinakuwa cha kahawia na kigumu kweli. Kikishatoka, yanabaki masalia laini ndani ya mfuko. Hapo anachukua kanyula ya Simcoe, kibomba chembamba chenye njia mbili: maji yanaingia kwa njia moja, masalia yanavutwa kwa nyingine. Na hapo ndipo daktari anayejifunza anatoka jasho, kwa sababu nyuma ya masalia hayo kuna utando wa nyuma wa mfuko, ambao katikati unene wake ni kama mikromita 4, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani mwako ni kama mikromita 70. Utando ukichanika, ute wa jicho unakuja mbele, lenzi ya bandia inakosa pa kukaa sawasawa, na mgonjwa aliyeambiwa kesho ataona anaanza safari nyingine.

Sasa ondoeni macho kwa daktari, mtazameni nesi aliyesimama ubavuni. Anapanga vifaa, anavipokea, anavitoa. Anajua hatua iliyofikiwa kwa kusikiliza na kwa mazoea. Mkono ukinyooshwa bila neno, anakisia kinachotakiwa, na nesi mzoefu mara nyingi anapatia. Lakini kilichotokea ndani ya jicho hakioni. Utando ukichanika, anajua kwa sababu bega la daktari limekakamaa na sauti imebadilika. Akiwa anaona, angekuwa ameshaandaa mkasi wa kukatia ute kabla hajaombwa. Na mwanafunzi? Hadubini ikiwa na bomba la pembeni, anachungulia mmoja. Wa pili anasubiri zamu, na zamu ikifika hatua ngumu imeshapita, anaonyeshwa jicho linalosafishwa.

Hadubini iliingia kwenye upasuaji wa macho mwaka 1946, mikononi mwa Richard Perritt huko Chicago. Imetutendea mema mengi mno. Ila tangu wakati huo imekuwa ni chombo cha mtu mmoja.

Mtaniuliza: si tuweke kamera na runinga ukutani, kila mtu aangalie? Sehemu kubwa ya jibu ni ndiyo, na nitairudia. Lakini kwanza toeni kalamu zenu. Shika moja kila mkono, nyoosha mikono, funga jicho moja, halafu zikutanishe ncha. Haya. Nasikia vicheko huko nyuma. Sasa fungua macho yote mawili urudie. Mmeona? Jicho la kushoto na la kulia yanaona vitu kutoka pembe tofauti kidogo, ubongo unalinganisha picha hizo mbili na kukupa kina. Mwingereza Charles Wheatstone alilionyesha jambo hili mwaka 1838 kwa vioo na michoro miwili. Runinga ya kawaida inakunyang'anya kina hicho. Inafaa kwa anayetazama. Haifai kwa anayeshika kanyula mikromita chache kutoka kwenye utando.

Ndipo wataalamu wakafikiria kuweka kamera mbili kwenye hadubini, moja kwa kila jicho. Hatua ya kwanza ilikuwa runinga kubwa ya pande tatu: daktari anavaa miwani myepesi kama ile ya sinema na kupasua huku ametazama mbele badala ya kuinamia vioo. Mwaka 2016 daktari Claus Eckardt wa Ujerumani na mwenzake walichapisha kazi yao ya kupasua retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, kwa namna hiyo, na baada ya hapo mitambo ya aina hii ikaanza kuzoeleka katika hospitali zenye uwezo. Hatua ya pili ndiyo hii mliyoniitia. Badala ya runinga moja mbele ya chumba, kila anayevaa ana viruninga viwili vidogo mbele ya macho yake, cha kushoto kinapokea kamera ya kushoto, cha kulia ya kulia. Na tofauti na ile miwani ya michezo inayokufungia dunia nzima, hii ya uhalisia mseto inakuachia chumba. Unamwona mgonjwa, unamwona nesi, na picha ya jicho imening'inia hewani hapo ulipoiweka. Pembeni yake unaweza kuweka vipimo vya mgonjwa, au picha za matabaka ya retina.

Daktari mwenyewe anapata nini? Kwanza shingo. Waulizeni madaktari wa macho wenye umri wangu kuhusu shingo na kiuno. Miaka ya kuinamia vioo inalipwa na mifupa. Anayevaa miwani anakaa wima.

Pili ni mgonjwa asiyeweza kulala chali. Huyu tunaye sana. Mzee wa Newala ambaye mgongo umepinda kwa miaka ya jembe, au bibi mwenye moyo unaomkaba pumzi akilazwa. Kwa hadubini ya kawaida unahangaika na mito, unamwinua, unajipinda wewe mwenyewe mpaka macho yakutane na vioo, na wapo wanaorudishwa nyumbani. Picha ikishatenganishwa na vioo, kichwa cha hadubini kinaweza kuinamishwa kumfuata mgonjwa alivyokaa, na daktari akabaki amekaa vizuri. Kama ningeombwa sababu moja ya kuvaa miwani hii mimi kama mpasuaji, ningetaja hiyo.

Tatu ni mwanga. Kamera nzuri inaweza kuing'arisha picha kielektroniki, kwa hiyo taa inayopiga ndani ya jicho inapunguzwa. Mwanga mkali wa hadubini ukikaa muda mrefu unaweza kudhuru retina, na huyu mgonjwa wetu yuko macho, anaumizwa na mng'ao ule.

Kuna faida nyingine ambayo wauzaji wanaipenda kuliko mimi. Miwani inaweza kuchora mstari juu ya jicho kumwonyesha daktari mahali pa kuelekeza lenzi maalumu ya kurekebisha astigmati, kasoro ya jicho lisilo na mviringo sawa linaloona vitu vimefifia. Ni kweli kazi hiyo inataka usahihi: lenzi hiyo ikipotoka kwa nyuzi 1 inapoteza zaidi ya asilimia 3 ya nguvu yake ya kurekebisha, ikipotoka kwa nyuzi 30 imekwisha yote. Lakini wagonjwa wetu wengi hawawekewi lenzi hizo, ni ghali. Tusinunue mstari wa lenzi tusiyonayo.

Niruhusuni nitoke nje ya barabara kidogo, maana jambo hili huwa linanifurahisha. Vitu vingi katika upasuaji wa mtoto wa jicho vimetoka kwenye ndege. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Uingereza walikuwa wakiumia macho kwa vipande vya plastiki ya kioo cha ndege. Daktari Harold Ridley akaona kwamba vipande vile vinakaa ndani ya jicho bila kulichokoza. Mwaka 1949, London, akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki ya aina hiyo ndani ya jicho la binadamu. Wazee wangu, hizo lenzi mlizowekewa, babu yao ni kioo cha ndege ya vita. Miwani tunayoizungumza nayo: kampuni ya Israeli iitwayo Beyeonics ilichukua teknolojia ya kofia za marubani wa ndege za kivita, zile zinazomwonyesha rubani vipimo mbele ya macho, ikaipeleka kwenye upasuaji wa macho. Na Albert Ueltschi, Mmarekani aliyetajirika kwa kufundisha marubani kwa mitambo ya kuigiza, uzeeni alishiriki kuanzisha HelpMeSee, shirika linalofundisha upasuaji wa mkato mdogo kwa mtambo wa kuigiza.

Basi mwaka huohuo wa 1949, Ridley akiwa London na kipande chake cha plastiki, hapa kwetu wakoloni walikuwa na mradi wa karanga. Matrekta yalikuwa yanapambana na visiki Nachingwea, na bandari na reli vinatengenezwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea iling'olewa miaka ya sitini, na wazee wa hapa bado wanaweza kukuonyesha ilikopita. Bandari imebaki na inafanya kazi, tena msimu wa korosho mnaijua ilivyo. Sisemi teknolojia ya wageni ni mbaya. Nasema mradi ule ulikuwa na mashine nyingi na maswali machache kuhusu udongo.

Kwa hiyo tuulize kuhusu udongo wetu.

Tuanze na kuchelewa kwa picha. Kwenye vioo vya hadubini, mwanga unafika machoni papo hapo. Kwenye miwani, picha inapita kamera, kebo, kompyuta, kisha kiruninga. Kampuni ya Apple inasema miwani yake ya Vision Pro inamwonyesha mvaaji chumba alichomo ndani ya milisekunde 12. Hicho ni chumba. Picha ya hadubini ina safari yake ya ziada kabla haijafika kwenye miwani. Ucheleweshaji ukizidi, mkono wako unauona ulipokuwa, si ulipo. Kwa mtazamaji haina shida. Kwa mwenye kanyula ni hatari, na ubongo nao unalalamika, unapata kichefuchefu. Muuzaji yeyote atueleze muda wa njia nzima, kutoka kwenye jicho la mgonjwa hadi kwenye jicho la mvaaji.

Halafu kuna aina mbili za miwani, na watu wanazichanganya. Aina moja ina kioo cha kupenya, unaona chumba kwa macho yako na picha inaongezwa juu ya kioo. HoloLens ya Microsoft ni ya aina hiyo. Kioo cha namna hiyo kinaweza kuongeza mwanga tu, hakiwezi kuonyesha weusi. Sasa upasuaji wa macho ni kazi ya weusi na mng'ao: tunapasua kwa kutazama mng'ao mwekundu unaorudi kutoka nyuma ya jicho, na kivuli kidogo ndani yake ndiyo habari yenyewe. Aina ya pili imezibwa mbele, inakuonyesha kila kitu kwa kamera, weusi inaonyesha, lakini kamera ikizima umebaki gizani. Tukumbuke umeme wetu. Hadubini ya kawaida umeme ukikatika unapoteza taa, na nimeona upasuaji ukimaliziwa kwa tochi iliyoshikwa na nesi mwenye mkono thabiti. Miwani iliyozimika haisaidiwi na tochi. Lazima uwe na vioo vya kawaida palepale, unavua na kuendelea.

Uzito. Vision Pro ya kwanza ina gramu zaidi ya 600, zote mbele ya uso. Nimewahi kuvaa miwani ya aina hii kwenye maonyesho ya vifaa tiba. Dakika za kwanza unashangaa, baadaye unaanza kuihisi kwenye mfupa wa pua. Tumeiokoa shingo upande mmoja, tumeitwisha upande wa pili. Joto la Mtwara mnalijua, jasho la paji la uso nalo mnalijua.

Na unyevu! Mafundi wa vifaa tiba hapa wananielewa. Kwenye pwani hii kuvu inaota ndani ya lenzi za hadubini. Unaona picha imefifia, unafikiri ni jicho la mgonjwa, kumbe ni utando wa kuvu kwenye kioo chako. Tunaweka vifuko vya kunyonya unyevu, tunafunika, tunawasha kiyoyozi, na bado inaota. Kifaa chochote chenye lenzi kikija hapa kina adui anayemsubiri. Nani atakifungua? Kwa bisibisi gani?

Hili la matengenezo ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine. Microsoft walitoa HoloLens mwaka 2016, wakatoa ya pili mwaka 2019, watafiti wa hospitali nyingi duniani wakajenga programu zao juu yake. Mwaka 2024 kampuni ikatangaza kwamba haitengenezi tena. Miaka minane tu. Huku kusini kuna hadubini zimetuzidi umri wa kazi na bado zinapasua. Kuna hospitali moja, sitaitaja, ilipokea mashine ya macho ya msaada, nzuri sana, kanyagio halikuwemo kwenye boksi. Mashine ile imekuwa meza ya kuwekea mafaili. Bei nayo: Vision Pro ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2024 kwa dola 3,499, zaidi ya shilingi milioni 8, na hiyo ni miwani tupu. Haina kamera za hadubini, haina kompyuta, na haikutengenezwa kama kifaa cha tiba.

Sasa naona mwanafunzi mmoja amekunja mikono, anadhani nimekuja kumvunja moyo. Hapana. Nataka tuiweke miwani mahali inapofaa, na mahali hapo ni darasani kwenu.

Mwaka 2021 jarida la JAMA Ophthalmology lilichapisha jaribio la madaktari 50 waliokuwa wakisomea macho nchini Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe. Nusu yao walipewa mafunzo ya siku 5 huko Cape Town, wakipasua macho ya bandia yaliyotengenezwa kwa ajili ya kujifunzia. Nusu wakaendelea na mafunzo yao ya kawaida kwanza. Katika mwaka uliofuata, wale wa macho ya bandia walichana utando wa nyuma kwenye asilimia 7.8 ya upasuaji wao. Wenzao, asilimia 26.6. Narudia: saba nukta nane, dhidi ya ishirini na sita nukta sita. Hakukuwa na miwani ya ajabu. Kulikuwa na jicho la bandia, hadubini, mwalimu, na kurudia hatua moja hadi mkono uelewe. Uingereza nako, madaktari wa miaka ya mwanzo ya mafunzo walikuwa wakichana utando kwa asilimia 4.2 mwaka 2009. Kufikia mwaka 2015 ilikuwa asilimia 2.6, katika kipindi ambacho mashine za kuigiza upasuaji zilisambazwa kwenye hospitali zao.

Mimi nasoma takwimu hizi hivi: kinachookoa macho ni kuona hatua vizuri na kuirudia mahali ambapo hakuna mgonjwa wa kuumia. Miwani ya uhalisia mseto inaingia hapo. Wanafunzi wanne wakivaa, wote wanne wanaona kwa kina kile anachokiona mwalimu, kwa wakati mmoja, hakuna zamu ya bomba. Upasuaji uliorekodiwa kwa kamera mbili unaweza kurudishwa nyuma: simamisha hapa, tazama ncha ya kanyula imegeukia wapi, tazama mkunjo ulioanza kwenye utando kabla haujachanika. Mkunjo ule ndio onyo, na kwenye runinga ya kawaida unapita hujauona. Mwanafunzi akiwa Mtwara na mwalimu wake akiwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 500 kwa barabara, wanaweza kutazama jicho moja na kubishana juu yake. Na kwa kuwa anayevaa anatazama tu, picha ikichelewa kidogo hakuna anayeumia.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu, na nimeshauandika kwa wanaohusika. Kwanza kamera, hata moja ya kawaida, kwenye hadubini tulizonazo, na runinga imwelekee nesi, siyo mgeni anayetembelea thieta. Hilo linawezekana kwa bei ya chini sana kuliko tunavyodhani. Pili macho ya bandia na hadubini ya mazoezi ambayo mwanafunzi anaruhusiwa kuikaribia jioni. Miwani ije ya tatu, ije kwa ajili ya kufundishia, na ije na mkataba wa matengenezo unaotaja jina la mtu aliye Tanzania. Kuipeleka kwenye uso wa daktari anayepasua, tusubiri wenzetu wenye vifaa vya akiba waimalizie kuijaribu.

Jambo moja la sheria. Ukirekodi jicho la mtu umerekodi taarifa zake za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ridhaa ya kupasuliwa siyo ridhaa ya kurekodiwa. Mzee aulizwe, kwa Kiswahili, au kwa Kimakonde kama ndiyo lugha yake, kabla hajavishwa kanzu ya thieta. Na video za wagonjwa hazikai kwenye simu ya mtu. Naona baadhi yenu mmeinamisha vichwa.

Kuna upasuaji mwingine sitaki usahaulike kwa sababu hauna mvuto wa mitambo. Vikope, yaani trakoma, vinavyofikia kope kugeukia ndani na kuikwaruza mboni vimepofusha watu wa mikoa hii, hasa kule Makondeni ambako maji ya kunawa uso mtoto yalikuwa ya kufuatwa bondeni. Upasuaji wake unafanyika kwenye zahanati, kwa miwani ndogo ya kukuzia, na anaufanya mtumishi aliyefunzwa, si lazima awe daktari bingwa. Miwani ile ndogo haihitaji betri.

Na bado, mtoto wa jicho: Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 94 wanaishi na uoni hafifu au upofu kutokana na mtoto wa jicho ambaye hajatibiwa. Wengi wao hata hawajafika mlangoni kwetu. Mama wa Tandahimba anayeambiwa ni uzee tu, au anayesubiri malipo ya korosho ndipo apate nauli, hajui na hajali daktari amevaa nini usoni.

Nimeona mwongozaji ameanza kunikodolea macho, kwa hiyo nakomea hapa. Maswali ya uhalisia mseto nitajibu, lakini swali la kamera ya hadubini, inaunganishwaje, na kebo gani inapatikana hapa Mtwara mjini bila kuagiza Dar, huyo wa kulijibu ni fundi wetu wa vifaa tiba, yule pale safu ya nyuma anayejificha. Mpelekeeni kipaza sauti.